Shule Namba Tano na Banda la Nguruwe

Benchi letu liko mbele ya ofisi ya ushirika wa nafaka, hapa Halden, Kaunti ya Ellery, jimbo la Iowa. Linatazamana na mahakama, ambayo saa yake ya mnarani inachelewa dakika kumi na mbili. Saa hiyo imeandikwa kuwa ni urithi, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Mji mzima tunajumlisha vichwani. Siku sita kwa wiki tunakaa hapo wazee wanne, migongo ukutani kukwepa upepo. Termosi ni yangu, kwa hiyo na sheria ni zangu. Kahawa ya kwetu ni nyepesi, unaweza kusoma gazeti kupitia kikombe, na asiyeipenda ana nyumba yake. Mkubwa wa maneno ni Delmar Quist, mwenyekiti wa chama cha mambo ya kale cha kaunti. Tunamwita Bwana Tarehe, kwa sababu hasemi jambo bila kulitia mwaka. Wa pili ni Arlo Stensrud, nahodha wa zimamoto wa kujitolea, jina lake la benchini Kiberiti, na mkisikiliza mtajua kwa nini. Wa tatu ni Gaylen Nygaard, mkulima mstaafu. Huyo ni Taratibu. Neno lake likianza kutoka Jumatatu, Jumatano unalipokea. Mimi ni Ardis. Nikiwa sipo wananiita Pilipili, wanadhani sijui.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Machi, theluji chafu bado imelala mitaroni. Bwana Tarehe alifika amevaa tai.

Kiberiti: Aisee! Nani kafa?

Bwana Tarehe: Hajafa mtu. Yule mama wa ofisi ya jimbo amekuja kuikagua shule yangu. Nimempa ufunguo tangu saa moja, nikamwambia akague kwa nafasi yake. Sina cha kuficha.

Mimi: Na akiikataa?

Bwana Tarehe: Haikataliki.

Mimi: Delmar, sikukuuliza kama inakatalika. Nimeuliza akiikataa.

Bwana Tarehe: Basi Jumatatu madiwani wanapiga kura ya kuibomoa, Jumanne tingatinga linapita, na Jumatano pale wanamwaga kokoto za barabara. Miaka thelathini na saba yangu, Bi Ardis, inakwenda chini ya kokoto. Akiiandika kwenye kitabu cha jimbo cha majengo ya kale, diwani hana ubavu tena wa kuigusa. Lakini haikataliki. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huo ndio msingi wa historia.

Huo si msingi wa historia, ni methali ya umbea, lakini sikutaka kumharibia tai yake. Shule anayoisema ni ile nyeupe iliyo ukingoni mwa mji, Shule Namba Tano. Ni ya chumba kimoja, ya aina ile waliyosomea watoto wa mashamba zamani, mwalimu mmoja na madarasa manane. Chama chake kiliiokota malishoni mwa marehemu Haugen mwaka 1986, ikiwa imejaa vinyesi vya njiwa. Waliisafisha na kuipaka rangi, wakatia madawati na jiko la chuma, na mlangoni wakapigilia bamba la shaba. Kila Mei watoto wa darasa la nne huletwa kwa basi, Bwana Tarehe anawapigia kengele, nami nawaletea biskuti za shayiri. Biskuti zangu ndizo wanazozikumbuka, lakini hayo tuyaache.

Kiberiti: Sawa, wewe unahifadhi, mimi nachoma. Leo saa nne kamili banda la nguruwe la Taratibu linapaa mbinguni. Vijana wangu wameshajaza nyasi kavu.

Kwa kawaida yetu, banda likichoka halibomolewi. Unawapa zimamoto walichome, wao wajifunze kuingia ndani ya moshi na kutoka hai, wewe uondokewe na uchafu, na mke wako awapikie chakula cha mchana. Taratibu alikuwa ametia sahihi karatasi tangu Februari.

Mimi: Saa nne, na wewe nahodha umekaa hapa unakunywa kahawa yangu?

Kiberiti: Mimi nitafika. Nisipofika, nimewaambia: saa nne kamili washeni, msinisubiri. Moto hausubiri mtu, na mtu wa moto hamsubiri mtu. Haraka haraka haina baraka.

Mimi: Hiyo inasema kinyume, Arlo.

Kiberiti: Inategemea unavyoisoma.

Taratibu alikohoa. Tukanyamaza, maana akikohoa kuna sentensi njiani.

Taratibu: Kuna kitu... kinanisumbua. Jana nilipokuwa natoa vyombo humo bandani. Kuna ndoano.

Kiberiti: Za samaki?

Taratibu: Za chuma. Ukutani, mstari mmoja. Nimehesabu ishirini na mbili. Ziko chini. Kwangu zinafika kiunoni.

Kiberiti: Hilo nalo la kukunyima usingizi? Babu yako Ole alikuwa anatundika mapaja ya nguruwe yakauke.

Taratibu: Mbele ya nguruwe wenzake?

Kiberiti: Tena mbele yao, wapate adabu! Nguruwe akimwona mwenzake juu, chini anatulia.

Bwana Tarehe: Acha fiksi wewe. Zile ni za hatamu. Mwaka 1949 njia ya kwenda stesheni haikupitika kwa lori miezi miwili. Ole Nygaard aliwafunga nguruwe wake hatamu, akawaswaga kwa miguu maili saba mpaka kwenye treni, wamejipanga kama askari. Kila nguruwe hatamu yake, na kila hatamu ndoano yake, na kila ndoano namba yake.

Taratibu: Namba zipo.

Bwana Tarehe: Unaona!

Taratibu: Zimeandikwa kwa rangi juu ya kila ndoano. Moja mpaka ishirini na mbili. Mwandiko mzuri.

Bwana Tarehe akanywa kahawa yake kama jaji aliyemaliza kusoma hukumu. Na mimi, msije mkadhani nilikuwa na akili kuliko wao, nikatia yangu.

Mimi: Nyote hamjui kitu. Yule mke wa Ole alikuwa Mdenmaki, na Wadenmaki wana wazimu wa vitunguu. Alitundika humo vitunguu vyake kwa namba, ajue mwizi amechukua fungu lipi. Nilimfahamu binti yake. Alikuwa mchoyo vilevile.

Kiberiti: Vitunguu vikae na nguruwe?

Mimi: Ulishawahi kula kwake? Ungejua.

Taratibu akakohoa tena.

Taratibu: Na sakafu. Nimekwangua samadi kidogo kwa koleo. Chini kuna mbao ngumu, zimeunganishwa vizuri, hazipitishi hata wembe. Sebule yangu haina sakafu kama ile.

Bwana Tarehe: Ole alikuwa tajiri mwaka 1950. Bei ya nguruwe ilikuwa juu.

Taratibu: Na ukuta wa mwisho. Chokaa imebanduka. Nyuma yake mbao zimepakwa rangi nyeusi. Kuanzia hapa... mpaka pale.

Alinyoosha mikono yote miwili. Kwa Taratibu hiyo ni hotuba.

Kiberiti: Nyeusi ni ya kuzuia inzi.

Bwana Tarehe: Si inzi, bwana. Hiyo ni sayansi ya kunenepesha. Nguruwe akila akatazama mbele akaona weusi, anadhani usiku umeingia. Analala. Akiamka anageuka, anaona mchana, anakula tena. Kwa hiyo siku moja inakuwa na usiku mara sita. Walijaribu hayo chuo cha kilimo mwaka 1938.

Mimi: Nani alijaribu?

Bwana Tarehe: Wataalamu.

Taratibu: Na paa lina tundu. La duara. Limezibwa kwa bati. Chini yake kuna rundo la matofali.

Hapo Kiberiti alisimama kabisa, maana sasa tumeingia kwenye kazi yake.

Kiberiti: Tundu hilo nalijua mimi! Hilo ni la pumzi. Nguruwe sitini kwenye banda lililofungwa, wanapumua usiku kucha. Hewa ya nguruwe ni nyepesi na inawaka. Lisingekuwepo lile tundu, siku moja mngeamka banda halipo, limepaa, mkalikuta Minnesota.

Mimi: Na matofali?

Kiberiti: Ya kulizuia lisipae.

Tulicheka mpaka yule karani wa ushirika akachungulia dirishani. Nikawamiminia tena. Saa ya mahakama ikaonyesha saa tatu na dakika ishirini, nami nikamkumbusha Kiberiti ajumlishe.

Kiberiti: Nina muda. Maili tisa tu. Ila ile karatasi ya jimbo ya kuchoma, mnajua wanataka mpaka vipimo? Jana vijana wamelipima banda. Futi kumi na nane kwa ishirini na nane.

Nilimwona Taratibu akimtazama Bwana Tarehe. Kumi na nane kwa ishirini na nane ni vipimo vilivyochorwa kwenye bamba la shaba la Shule Namba Tano. Kila mtoto wa darasa la nne anavijua.

Bwana Tarehe hakutingishika.

Bwana Tarehe: Bila shaka! Yote mawili ni ya fundi Nels Torvik. Torvik alikuja mwaka 1889 na kipimo kimoja kichwani, akafa nacho. Mbao zilizoletwa na treni zilikuwa za urefu huo, naye alikuwa mvivu wa kukata. Alijenga shule, kumi na nane kwa ishirini na nane. Akajenga ghala la mahindi la Brekke, kumi na nane kwa ishirini na nane. Angeachiwa, na jeneza lake lingekuwa hivyohivyo, kaburi lingefika barabarani.

Mimi: Sasa mlijuaje ipi ni ipi?

Bwana Tarehe: Bi Ardis, nimeshalieleza hili mara elfu. Majira ya baridi ya 1948 shule ilifungwa ikauzwa mnadani. Wiki ileile na ghala la Brekke likauzwa. Moja lilinunuliwa na Haugen, moja na Ole. Kijito kilikuwa kimeganda, wakayaweka juu ya magogo, wakayavuta kwa trekta juu ya barafu, moja huku, moja kule. Mwaka 1986 sisi tukaenda kwa Haugen na futi kamba. Tukapima. Tukapata kumi na nane kwa ishirini na nane, barabara kama kitabu cha kaunti kinavyosema. Ushahidi gani tena?

Mimi: Na kwa Ole mlipima?

Bwana Tarehe: Nani anapima banda la nguruwe?

Lilikuwa jibu zuri, na sote tulilikubali. Hata mimi. Nilikunja miguu yangu, nikaona mwanamke anavuka barabara kutoka upande wa shule.

Alikuwa wa miaka thelathini na kitu, buti zimejaa tope, tochi kiunoni, magoti meupe kwa vumbi. Midomo imegeuka bluu. Alijitambulisha kwa kila mmoja wetu kwa mkono, Marisol Benavides wa ofisi ya jimbo. Nikampa kikombe changu mwenyewe, akakikumbatia kwa mikono miwili.

Kiberiti: Karibu, mama. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nilimkanyaga. Kiberiti alidhani anamsifu mgeni.

Bi Benavides: Asante. Mzee Quist, kwanza nikupe hongera. Nimeona majengo mengi mwaka huu, machache yametunzwa kwa upendo kama lile. Rangi, madawati, ile kengele. Madirisha nayo yamebaki mazuri sana.

Bwana Tarehe: Yale ni mapya. Tuliyatoboa wenyewe, mwaka 1987.

Bi Benavides: Kwa nini?

Bwana Tarehe: Lilikuwa halina. Tukatoboa ili lifanane.

Bi Benavides: Lifanane na nini?

Bwana Tarehe: Na shule.

Alilisema kwa sauti yake ileile ya kujiamini, kisha nikaona amelisikia mwenyewe. Kidole chake kikaenda kwenye tai.

Bi Benavides: Basi nina swali moja dogo tu, halafu nijaze fomu yangu. Leo asubuhi baridi ilinizidi mle ndani, nikataka kuwasha jiko. Nikafuata bomba kwa tochi. Linafika kwenye dari, linaishia hapo. Nikapanda juu ya dari, nikakagua paa lote. Mbao zote ni za zamani, nzima, hazijawahi kutobolewa. Nikazunguka nje, hakuna dohani wala alama ya dohani. Sasa nisaidieni ninyi wenyeji: watoto walipokuwa wanasoma humo, moshi ulikuwa unatokea wapi?

Kiberiti alikuna kidevu.

Kiberiti: Mlangoni?

Bi Benavides: Januari?

Januari ya kwetu mate yanaganda kabla hayajafika chini. Kiberiti akakaa. Bwana Tarehe alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mwaka haukutoka. Miaka thelathini na saba watoto wameingia mle, lakini huingia Mei, wamevaa mikono mifupi. Hakuna mtu aliyewahi kuwasha lile jiko. Walilinunua mnadani, wakalipaka rangi nyeusi ya kung'aa, bomba wakalipandisha mpaka darini, wakaenda kula.

Taratibu aliweka kikombe chake chini, kwenye saruji, polepole kama anatua yai.

Taratibu: Tundu langu... ni la duara.

Alisema chini chini, kwa kutafuna maneno kama kawaida yake. Mgeni hakumsikia, au alisikia na hakuelewa. Lakini sisi wanne tulielewa kwa pamoja. Ndoano ishirini na mbili za makoti, usawa wa kifua cha mtoto. Namba juu yake. Ukuta mweusi mbele.

Nikamtazama Delmar. Yule mama alikuwa na kalamu mkononi. Hakujua kama kuna banda lolote popote. Kiberiti hawezi kusema kitu mbele ya Delmar, wamekuwa marafiki tangu utotoni, na Taratibu angehitaji mpaka adhuhuri. Delmar angekohoa tu, aseme dohani ilibomolewa na dhoruba ya mwaka fulani, wala asingeulizwa tena. Baada ya saa nne asingekuwepo mtu wala ubao duniani wa kumwambia umeongopa. Bamba lake la shaba lingebaki mlangoni pa ghala la mahindi mpaka afe, na sisi tungemzika nalo kwa heshima.

Delmar ndiye aliyesimama kwanza.

Bwana Tarehe: Arlo. Piga simu kwa vijana wako.

Kiberiti: Kule bondeni simu haishiki.

Bwana Tarehe: Redio ya gari la zimamoto?

Kiberiti: Nimeiondoa kwa mafunzo. Nimewaambia wajifunze kufuata saa, wasifuate sauti yangu.

Bwana Tarehe: Umewaambia saa nne.

Kiberiti: Kamili. Na wale ni vijana wazuri, Delmar. Wananisikia.

Bwana Tarehe: Gaylen, funguo za gari! Chapuka, bwana, leo tu maishani mwako, chapuka!

Na Taratibu alikimbia. Nina miaka themanini na mbili na nimeliona hilo. Watatu walijibana mbele kwenye pikapu lake, Kiberiti katikati na Delmar pembeni, mlango ukafungwa kwa kishindo. Tai ya Delmar ilikuwa imebanwa mlangoni, ncha yake ikipepea nje. Walipinda kona ya benki bila kutazama kulia wala kushoto. Saa ya mahakama ilionyesha saa tatu na dakika thelathini na tano. Jumlisha mwenyewe.

Bi Benavides: Nimesema kitu kibaya?

Mimi: Hapana, mwanangu. Umeuliza tu.

Bi Benavides: Wanakwenda wapi?

Mimi: Shuleni.

Akatazama upande wa shule nyeupe, ulio kulia. Gari lilikuwa limekwenda kushoto. Nikamwambia akae, nikamweleza yote tangu mnada mpaka vitunguu, maana mtu akikuuliza vizuri humfichi. Alisikiliza bila kuandika. Nilipofika kwenye ndoano alifunga kalamu yake akaitia mfukoni, akageuka kutazama mashariki, liliko bonde la kijito.

Bi Benavides: Watawahi?

Njia ile mwezi wa Machi ni tope maili nne za mwisho, na daraja la mbao unalivuka pole pole au hulivuki.

Bi Benavides: Na wewe, mama, ulisomea shule kama hiyo?

Mimi: Kaunti ya jirani. Miaka minane, na ndiyo elimu yangu yote. Sikuendelea.

Bi Benavides: Unaikumbuka?

Mimi: Sana. Mwalimu alikuwa na fimbo na kikohozi. Watoto wakubwa walipewa zamu. Wengine walichota maji, wengine walipandisha bendera. Mimi nilikuwa nabeba magunzi ya mahindi kwenye ndoo, nafika kabla ya mwalimu.

Bi Benavides: Ya nini, magunzi?

Mimi: Zamu yangu ilikuwa kuwasha jiko.

Akanitazama. Alikuwa na adabu, akageukia kikombe chake. Mara thelathini na saba nimepita na sinia la biskuti mbele ya lile jiko, na mara moja niliegemea bomba lake kupumzika.

Nikainamisha termosi juu ya kikombe chake nimwongezee. Halikutoka hata tone. Mashariki anga lilikuwa jeupe, tupu. Nikatazama mnara: saa tatu na dakika arobaini na nane.

Nikajumlisha.